Hatua Elfu Sita za Niña Cadia

Niña Cadia akiwa anatengeneza pupusa huwa hayupo. Unamwona, ndiyo, amekaa kwenye kiti chake cha mbao katika kona ya soko la Cuishtepe, aproni imejaa unga, anachukua donge la mahindi, analitia maharage tumboni, analifumba, halafu paka-paka-paka, kutoka kiganja hiki kwenda kile, mpaka limekuwa duara la kukaa vizuri kwenye chuma cha moto. Lakini mwenyewe ameshaondoka. Mikono ikishashika mwendo, akili hutoka taratibu, kama mtu anayechelea kuamsha mtoto, ikashika mtaa wa mawe, ikateremka hadi mtoni. Huko humkuta mama yake, marehemu Petrona, amejitwika mtungi. Humfuata nyuma, hatua kwa hatua, akitazama visigino vyake vilivyopasuka. Siku nyingine huenda mbali zaidi, hadi shamba la kahawa alikomwona mumewe kwa mara ya kwanza, na marehemu Abelino huwa bado amekaa juu ya jiwe lile lile akikung'uta changarawe kwenye kiatu. "Bado tu?" humuuliza. Kabla hajajibiwa, mteja husema, "Niña Cadia, mbili za jibini," naye humbidi arudi mbio kutoka huko kote.

Jina lake kamili ni Leocadia Tepas, umri wake sabini na mmoja, na pale Cuishtepe mwanamke mwenye heshima zake huitwa Niña hata mvi zikimfika kwenye nyusi.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule alivishwa saa. Haikuwa saa ya kutazama saa, maana saa za Cuishtepe zinajulikana kwa kengele ya kanisa na kwa njaa. Ilikuwa ya mpira mweusi, na kazi yake ni kuhesabu hatua za mwenye kuivaa. Binti yake, Marisela, aliyeko Marilandi, huko Marekani, akisafisha ofisi za watu, ndiye aliyeituma.

Sababu ya saa hiyo ilikuwa kunusurika kuanguka. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano, wanawake wa chama cha Bikira humtoa Mama Bikira kanisani juu ya kitanda chake cha mbao kilichofunikwa maua, wakambeba begani, wakapita naye sokoni, wakapanda naye mteremko wa chemchemi, wakamzungusha mji mzima. Mti wa mbele wa kukibebea kitanda hicho, upande wa kushoto, ulibebwa na bibi yake Cadia. Baada ya bibi akaubeba mama yake kwa miaka thelathini na mmoja. Baada ya mama ni yeye, miaka ishirini na sita, na bega lake la kulia lina kibonde hadi leo, kana kwamba Mungu alilikata kwa kipimo cha mti ule. Mwaka uliotangulia, katikati ya mteremko, macho yalimwingia giza na magoti yakalegea. Bikira akainama mbele kama mtu anayechungulia dirishani, na maua yakamwagika hadi mferejini. Hakuanguka kabisa, kwa sababu Úrsula, aliyekuwa nyuma yake kwenye mti ule ule, aliudaka mzigo wote kwa shingo.

Daktari wa mji mkuu akamsikiliza kifua, akasema moyo haujaharibika, ni mvivu tu. Dawa yake ni kutembea. Hatua elfu sita kila siku kwa siku arobaini. Na Niña Paz, mama msimamizi wa chama, mwanamke mkavu asiyerudia neno, akamwita uani kwa kanisa akamwambia:

"Cadia, Bikira si mzigo wa kuni. Niletee karatasi ya nesi kwamba umetembea siku zako zote arobaini. Usipoileta, mti ataushika Úrsula."

"Mti ni wa kwetu."

"Mti ni wa Bikira," akasema Niña Paz. Akafunga mlango.

Basi kila Ijumaa ilibidi Niña Cadia aende zahanati, nesi Wilber asome saa ile kwa simu yake na kuandika kwenye daftari. Wilber ni mtu mzima mwenye kitambi na roho nyepesi. Utotoni alikulia chini ya meza ya pupusa ya Niña Cadia, akiokota jibini lililodondoka. Ijumaa ya kwanza alisoma, akaondoa miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Elfu kumi na nne. Elfu kumi na tatu na mia tisa. Elfu kumi na sita. Niña Cadia, jamani, unakwenda wapi wewe?"

"Huku na huku," akasema Niña Cadia.

Wala hakuwa anadanganya. Ndivyo alivyoamini, na hapo ndipo penye kisa chote. Siku ya kwanza ya saa alikaa kwenye meza yake tangu asubuhi, akili ikaenda mtoni, ikaenda shambani kwa Abelino, ikazunguka makaburini, na alipofunga biashara akatazama mkono: elfu kumi na nne na ushei. Alikaa akiutazama mkono wake muda mrefu. Nyenze walikuwa wanalia kwenye miti kama wafanyavyo kila msimu wa kiangazi, mlio mmoja usiokatika, mpaka mtu anaanza kudhani ni kichwa chake chenyewe. Akawaza: kumbe kipo kitu duniani kinachohesabu. Miaka arobaini na minne ametembea namna ile bila kushuhudiwa na mtu, na sasa wazungu wamekaa huko kwao wakatengeneza chombo cha kuona. Hakushangaa sana. Kama simu inaweza kuleta sauti ya Marisela kutoka Marilandi, kwa nini saa isifuate akili ya mtu hadi mtoni?

Hakumwambia yeyote. Mambo mengine ukiyasema yanakuwa madogo.

Na kwa kuwa saa nne asubuhi elfu sita zilikuwa zimeshatimia, hakuona sababu ya kuchosha soli za viatu. Akawa anatoka kwake, nyumba ya tatu kutoka sokoni, anakaa, anapiga pupusa, anarudi. Jumatatu, siku asiyouza, alikuwa analala kwenye machela yake barazani, na saa ikiandika kidogo, alisema hata Mungu alipumzika.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumatatu. Aliamka akiwa na hamu ya makaburini, hamu ya kweli, ya kung'oa magugu. Akaenda kwa miguu hadi makaburini, akapalilia kaburi la mama yake na la Abelino, na kwa kuwa asubuhi ilikuwa na ubaridi akapanda hadi kikanisa cha kilimani, ambako hakuwa amefika tangu alipolegea kwenye mteremko mwaka uliotangulia. Akarudi jua likiwa utosini. Miguu inatetemeka, mgongo umelowa, moyo unapiga mlango kama mdai. Akakaa. Akatazama saa.

Mia mbili na kumi na mbili.

Akaipuliza. Akaigonga kwa kucha. Mia mbili na kumi na mbili. Akahisi kama mtu aliyesalimia na hakuitikiwa. Akampigia Marisela.

"Mama, umeikaza?"

"Nimeikaza."

"Sawasawa? Juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, kidole kimoja kipite chini ya ukanda?"

"Kidole hakipiti, hata cha mtoto mchanga."

"Basi umeikaza mno, ilegeze. Umeichaji?"

"Ililala kwenye umeme usiku kucha, imeshiba kuliko mimi."

"Iko mkono upi?"

"Mkono wangu."

"Wa kulia au wa kushoto, mama."

"Wa kulia."

"Ihamishie kushoto. Nilipoiandikisha niliiambia utaivaa kushoto."

"Uliiambia saa," akasema Niña Cadia. "Mimi niliye nayo mkononi hukuniambia."

Wakaihamisha. Wakaizima, wakaiwasha. Marisela akauliza urefu wa mama yake, na ikajulikana kwamba alikuwa amemwandika mrefu kama yeye mwenyewe, naye amemzidi mama yake kichwa kizima, wakapunguza. Niña Cadia akazunguka ua mara nne, simu sikioni. Saa ikaongeza hatua sita.

"Ulipokuwa unatembea asubuhi," akasema Marisela polepole, "mikono ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa nami."

"Mama."

"Ndani ya aproni. Ulitaka iwe wapi?"

"Iachie itikisike. Saa iko mkononi, inataka mkono uende mbele na nyuma."

"Marisela, bibi yako alinifundisha kutembea. Mwanamke anayerusha mikono barabarani ama anafukuza nyuki ama amefukuzwa na mume. Miaka yangu hii sianzi."

"Basi sijui, mama."

"Kama hujui, kale chakula ukalale. Saa ni mbovu."

Na hilo la mikono si kiburi chake peke yake. Wanawake wote wa Cuishtepe wa umri wake hutembea hivyo, vidole vimefumbatwa chini ya aproni, kichwa kimetulia, miguu ikienda chini kama maji chini ya majani. Msichana aliyerusha mikono alichapwa kwa fimbo ya mbaazi, naye akakumbuka.

Kesho yake alasiri alikuja Úrsula. Úrsula alimshikia Marisela ubatizo, kwa hiyo yeye na Niña Cadia ni makomadre, na komadre huingia bila hodi na kuketi bila kuambiwa. Ni mnene, ana mdomo, na kwa miaka kumi na minane amebeba Bikira nyuma ya Cadia, akitazama kisogo chake.

"Nasikia saa yako imegoma, komadre."

"Nani kakwambia?"

"Ulikuwa unamfokea Marisela hadi kuku wangu wamekataa kutaga. Lete niione." Akaigeuzageuza. "Tuipime kama tunavyopima mizani ya tapeli. Unaweka kitu unachokijua uzito, unaona inasema nini."

Akachota mahindi kiganjani. Ikawa Niña Cadia atembee uani, Úrsula ahesabu, na kila hatua kumi adondoshe punje moja kwenye bakuli. Akatembea, mikono ndani ya aproni. Punje kumi zikalia bakulini moja moja. Saa ikatazamwa: ilikuwa imehesabu nne.

"Hatua mia, yenyewe imeona nne," akasema Úrsula. "Hii hata ushahidi mahakamani haitoi. Sasa toa mikono."

"Sitoi."

"Nani anakuona? Mimi na nguruwe."

"Nguruwe ana macho."

Úrsula akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu akaichukua saa, akaivaa yeye, akatembea ua mzima akirusha mikono kama askari wa gwaride. Punje kumi. Saa: mia moja na mbili.

"Nzima," akasema, na hakucheka tena, alikuwa ameshika njia ya jambo. "Ni nzima kabisa. Haitazami miguu, komadre. Inatazama mkono. Vaa tena. Kaa pale. Nipigie pupusa."

"Sina unga hapa."

"Piga hewa."

Niña Cadia akakaa kwenye ukingo wa kisima, akapiga pupusa ya hewa. Paka-paka-paka. Wakainamisha vichwa viwili juu ya mkono mmoja. Namba zilikuwa zinapanda kama maziwa yanayochemka: kumi, ishirini na mbili, thelathini na moja.

Akaacha. Namba zikasimama.

Nyenze walikuwa wanaendelea kule mtini. Niña Cadia aliyatazama maji ya kisimani, akaona kwamba hakwenda mtoni. Hakuna kilichomfuata hadi mtoni. Abelino amekaa juu ya jiwe lake, na saa haijawahi kumjua. Likamuuma jambo hilo kuliko alivyotegemea, nalo hakuweza kumweleza hata Úrsula, maana angeanzia wapi?

Úrsula alikuwa anafikiri mengine.

"Kwa hiyo zile elfu kumi na nne," akasema.

"Pupusa."

"Na elfu kumi na sita?"

"Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikula sana."

"Na miguu yako siku hizi zote?"

"Nyumba tatu kwenda, nyumba tatu kurudi."

Úrsula akashusha pumzi. Akamwaga mahindi kutoka bakulini hadi kiganjani, akayatazama. "Sikiliza, Leocadia," akasema, na alikuwa hamwiti hivyo ila msibani. "Zimebaki siku ishirini. Daftari la Wilber limejaa na linapendeza. Jambo hili nani analijua? Mimi, wewe, na mahindi haya. Mahindi nitawapa kuku."

"Na wewe ndiwe unayengojea mti."

"Ndiyo maana uniamini. Ningekuwa mwongo ningekwambia nenda kaungame." Akapangusa paji la uso. "Nautaka mti ule, nisikufiche. Miaka kumi na minane natazama kisogo chako, nakijua hadi fuko lake la mafuta. Natamani siku moja nione njia iliyo mbele. Lakini sitaki kuupata namna hii, ukiwa umekaa pembeni kama mjane."

"Mimi ni mjane."

"Unanielewa."

"Na huyo ninayembeba?" akauliza Niña Cadia. "Yeye hajui?"

"Yeye ana roho nzuri."

"Ndiyo maana hafai kuibiwa."

Asubuhi hakufungua biashara. Alikwenda zahanati kabla Wilber hajanywa kahawa, akaiweka saa mezani juu ya daftari.

"Futa," akasema.

"Nifute nini, Niña Cadia?"

"Zote. Hizo ni pupusa." Akamweleza kwa maneno machache. Alipofika kwenye pupusa ya hewa Wilber aliuma mdomo, mabega yakamcheza.

"Cheka," akasema Niña Cadia. "Kicheko kikitoka, tuongee."

Kikamtoka. Akafuta macho. "Nimeandika kwa wino. Haufutiki."

"Piga mstari."

"Nikipiga mstari siku arobaini hazitimii tena. Unajua? Hata ukianza leo zimebaki kumi na tisa. Niña Paz nitamwambia nini?"

"Kile utakachokiona. Wewe si una macho?"

Wilber alimtazama, kisha akachukua rula, akapiga mstari kurasa tatu nzima, taratibu, kama anayefunika maiti. Alipomaliza akamwuliza kama sasa atakubali kutembea akitikisa mikono. Akamjibu kwamba hatakubali. Basi Wilber akafikiri, akainama kwa shida na kitambi chake, akamfunga saa kwenye kifundo cha mguu. Ukanda haukufika, wakauunga kwa utepe. Wakatembea uani kwa zahanati, yeye akihesabu kwa sauti, Niña Cadia mikono ndani ya aproni. Mia moja za Wilber, tisini na saba za saa.

"Hiyo ndiyo," akasema nesi.

"Kama kuku wa sokoni," akasema Úrsula alipoiona, "kafungwa mguu asiende."

Siku ya kwanza jioni mguu ulisema elfu moja na mia tisa. Niña Cadia aliiona namba hiyo ndogo, akajua ndiyo kweli yake, akala akalala. Ya pili, elfu mbili na mia tatu. Marisela alipopiga simu akaambiwa yote. Marisela akasema, "Nilikuwa nawaonyesha wenzangu kazini, mama. Nikawaambia mama yangu anawazidi wote." "Waonyeshe na hii," akasema Niña Cadia.

Akawa anafunga biashara mapema, anatembea. Mtoni, makaburini, barabara ya kahawa hadi penye lango. Na hapo aliona ajabu moja. Akiwa amekaa, akili ilikuwa inatembea. Sasa anatembea, akili imekaa. Haikwenda popote. Ilikaa pale pale alipo, kwenye jiwe analolikanyaga na linalofuata. Aliona vitu alivyokuwa ameacha kuviona: vumbi jepesi kwenye majani ya kahawa, sisimizi wakihamisha ua jekundu vipande vipande, nyumba ya marehemu Tomás, jirani wa zamani, imeporomoka paa na mpapai umetokeza ndani yake. Alifika kwenye jiwe la Abelino. Lilikuwa dogo kuliko lile la akilini, na mjusi alikuwa ameketi juu yake akiota jua. Akasimama, mikono chini ya aproni, akingojea huzuni. Huzuni haikuja. Akamwambia mjusi, "Kaa tu," akaendelea.

Siku zikawa kama ndoto ya mchana, moja inayeyukia nyingine, joto, nyenze, njia. Elfu tatu. Elfu tatu na mia saba. Siku moja moyo ulipiga vibaya kwenye mteremko wa chemchemi, akakaa kwenye ngazi za mtu hadi ulipotulia, na siku ile mguu ulisema elfu mbili tu. Elfu sita ilifika zikiwa zimebaki siku tano, kisha haikushuka tena.

Wilber aliandika alichokiona. Siku tano za elfu sita, si arobaini. Niña Paz akaisoma karatasi akiwa amesimama uani kwa kanisa, huku wanawake wamekaa chini kuwazunguka wakichomeka maua kwenye matawi ya mitende kwa ajili ya kesho. Aliisoma mara mbili. Wanawake wakaacha kuchomeka maua.

"Kurasa hizi tatu zilizopigwa mstari ni nini?"

"Pupusa," akasema Niña Cadia.

"Wilber amenieleza. Nilitaka nisikie kwako." Niña Paz akaikunja karatasi. "Nilisema arobaini."

"Ulisema."

"Utambeba kutoka mlango wa kanisa hadi kona ya soko, palipo tambarare. Kwenye kona unampa Úrsula. Mteremko si wako mwaka huu."

Niña Cadia akafungua mdomo. Wote walijua atasema nini: mti hadi mwisho wa njia au hapana. Hata Úrsula aliinamisha macho kwenye maua yake. Yalikuwa meupe, na harufu yake ilijaa ua mzima, nzito, ya kulevya.

"Nipeni tawi," akasema Niña Cadia. "Hilo mnachomeka ovyo."

Jumapili walimtoa Mama Bikira saa tatu asubuhi. Mti ulikaa kwenye kibonde chake begani kana kwamba mwaka haukupita. Kitanda kikaanza kuyumba kulia na kushoto kwa mwendo wa wabebaji, ule mwendo wa polepole kama pumzi ya mtu aliyelala, maua yakitetemeka, matawi ya watu yakipepea pande zote mbili hadi mtaa ukawa hauna kuta. Niña Cadia hakusikia ngoma wala fataki. Alisikia uzito tu. Ulikuwa mtamu. Njia ya tambarare ilikwisha kama tone.

Kwenye kona kitanda kilisimama. Úrsula akaja ubavuni mwake na kuingiza bega. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio.

"Una pumzi?"

"Ninayo."

"Nyingi?"

"Nyingi."

"Basi endelea. Mimi nitajifanya nafunga kiatu. Paz yuko nyuma, haoni."

Niña Cadia aliitazama njia iliyopanda. Alikuwa na pumzi ya kweli. Angeweza kufika, au angeweza kuanguka, na hakuna saa wala nesi aliyejua ni lipi.

"Lete bega, komadre," akasema. "Umenusa kisogo changu vya kutosha."

Akatoka chini ya mti. Uzito ulipomwachia alihisi kama amepanda kimo. Kitanda kikaondoka, Úrsula mbele, shingo imenyooka kama bibi harusi, midomo inacheza na machozi yanamtiririka bila yeye kujua. Niña Cadia akasogea kando umati umpite. Halafu akaanza kupanda nyuma ya watu wote, hatua moja, kisha nyingine, mawe yamejaa maua yaliyokanyagwa. Aliuona mgongo wa Bikira ukienda mbali, ukiyumba, ukawa mdogo, ukafika juu, ukashika kona. Alikuwa na amani kama mtu anayeota akijua anaota. Alisimama mara mbili. Hakukaa.

Wilber alikuwa juu kwenye chemchemi, anahema, shati limemganda, ameshika chupa ya maji. Akamtazama akija hadi alipofika.

"Umefika, Niña Cadia."

"Nimefika."

"Na hujaanguka."

Akachukua maji, akanywa nusu chupa, akamrudishia.

"Kunywa na wewe," akasema. "Mwenye sura ya kuanguka ni wewe."